Kukarabati nyumba kwa haraka na bajeti ndogo: mwongozo kamili

Ukarabati ukipitiliza muda na bajeti, chunguza na utakuta kuna kazi iliyofanywa mara mbili. Ukuta umepakwa rangi Jumatatu, Alhamisi fundi umeme anauchimba kupitisha waya. Marumaru za bafu zimeshika vizuri, kisha bomba lililofukiwa chini yake linavuja na zote zinapasuliwa. Vifaa vimelipiwa mara mbili, ufundi umelipiwa mara mbili, na siku zimekwenda. Kwa hiyo sehemu kubwa ya mwongozo huu inahusu zamu: kipi kitangulie, kipi kisubiri, na kwa nini. Mbinu za kubana matumizi zimo humu pia, lakini hakuna hata moja inayookoa pesa kama kutorudia kazi.

Zunguka nyumba kabla ya kununua chochote

Chukua daftari, penseli, chaki, tepu ya kupimia, pimamaji na tochi. Ingia chumba kimoja kimoja. Anza na dari, shuka ukutani, malizia sakafuni. Kila kasoro iandike na vipimo vyake. Usiandike "ukuta mbovu". Andika "ukuta wa dirishani, plasta imevimba, upana sm 60, urefu sm 40 kutoka sakafuni". Maelezo ya namna hiyo ndiyo yatakayokuwezesha kuhesabu vifaa na kuelewana na fundi bila kubishana baadaye.

Gonga plasta na marumaru kwa mpini wa bisibisi. Palipo pazima hutoa sauti nzito na fupi. Palipoachana na ukuta hulia kama debe tupu. Zungushia chaki kila unaposikia debe. Funga koki zote za nyumba, soma mita ya maji, subiri saa moja bila mtu kutumia maji, kisha isome tena. Ikiwa imesogea, kuna mahali panavuja na unapaswa kupapata kabla ya kuwaza marumaru. Kwenye choo, tia matone ya rangi ya chakula ndani ya tanki na usivute maji kwa dakika 30. Rangi ikionekana kwenye bakuli, mpira wa chini wa tanki umechoka, na kuubadilisha ni kazi ya dakika chache.

Sasa gawa orodha yako mafungu matatu: yanayoharibu nyumba (maji, umeme, nyufa zinazokua), yanayokwamisha matumizi (mlango unaokwama, koki inayodondosha), na yanayokera macho tu. Pesa ifuate mpangilio huo. Wengi huanza na fungu la tatu kwa sababu ndilo wageni wanaloliona, na ndiyo maana rangi mpya hubabuka baada ya miezi michache. Katika bajeti yako yote tenga asilimia 10 hadi 15 kwa dharura. Nyumba ikiwa ya zamani tenga 20, maana ukibomoa ukuta wa zamani hujui utakuta nini ndani.

Kuna mambo matatu ya kutofanyia ubahili. La kwanza ni umeme wa bodi kuu na nyaya za ndani ya ukuta, ambayo ni kazi ya fundi aliyesomea. La pili ni kuvunja au kutoboa ukuta unaobeba dari au ghorofa. Mwite mhandisi kabla ya nyundo. La tatu ni vifaa vya zamani vyenye sumu. Mabati ya saruji yenye asbesto usiyakate, usiyatoboe, usiyavunje, kwa sababu vumbi lake hudhuru mapafu. Rangi kuukuu inaweza kuwa na risasi, hivyo usiipige msasa mkavu, hasa penye watoto. Ipige msasa ukiwa umeilowesha, vaa barakoa ya vumbi laini, na takataka zake zifungwe kwenye mfuko.

Maji yamalizwe kwanza

Doa la unyevu ukutani lina vyanzo vinne: paa, bomba, ardhi, au mvuke wa chumba chenyewe. Kila kimoja kina tiba yake, na ukikosea chanzo unapoteza kazi yote.

Kipimo rahisi cha kutofautisha: kata kipande cha nailoni au foili cha sm 30 kwa 30, kibandike ukutani kwa tepu pande zote nne bila kuacha upenyo, kiache saa 24 hadi 48. Maji yakionekana upande wa nje, unaotazama chumba, tatizo ni mvuke wa jikoni, wa bafuni au wa nguo zinazokaushwa ndani. Dawa yake ni hewa: fungua madirisha, weka feni ya kutoa mvuke, sogeza kabati sm 5 kutoka ukutani. Maji yakiwa nyuma ya nailoni, ukuta wenyewe umelowa.

Unyevu wa ardhini hupanda kutoka sakafuni na kwa kawaida huishia chini ya mita moja na kidogo. Huacha mstari wenye chumvichumvi nyeupe. Kabla ya kufikiria dawa za kudungwa ukutani, toka nje uangalie: huenda udongo au sakafu ya nje imerundikwa juu kuliko sakafu ya ndani, au maji ya mvua yanatuama kwenye msingi. Kushusha udongo hadi sm 15 chini ya usawa wa sakafu ya ndani, na kuupa mteremko wa kutoka ukutani, ni kazi ya chepe na jasho tu, na mara nyingi inatosha. Chumvichumvi isuguliwe kwa brashi kavu. Ukiiosha kwa maji inayeyuka, inarudi ndani ya ukuta, kisha hutoka tena.

Paa linadanganya. Maji huingia penye tundu, hutembea juu ya mbao, kisha hudondoka mita mbili mbele yake. Panda darini mchana ukiwa na tochi iliyozimwa na utafute vitundu vya mwanga, halafu iwashe ufuatilie alama za maji kwenye mbao kuelekea juu. Kwa mabati, wakosaji wa kawaida ni misumari ambayo mipira yake imekauka, na pale paa linapokutana na ukuta. Usiupige nyundo msumari uliolegea kwenye tundu lilelile. Ung'oe, weka skrubu ya bati iliyo nene kidogo kuliko msumari, yenye mpira mpya.

Baada ya kuziba chanzo, ukuta uachwe ukauke. Huu ndio wakati mgumu kwa mwenye haraka, lakini rangi iliyopakwa juu ya ukuta mbichi ni kama plasta ya kidonda juu ya ngozi yenye maji. Rudia kipimo cha nailoni. Nyuma pakiwa pakavu, endelea. Palipokuwa na ukungu mweusi osha kwa dawa ya klorini ya kufulia, kikombe kimoja kwa lita 4 za maji, madirisha yakiwa wazi. Usiichanganye kamwe na siki, amonia au dawa nyingine ya choo, kwa kuwa hutoa gesi ya sumu.

Nyufa: zipi za kuziba, zipi za kuogopa

Ufa mwembamba kama unywele kwenye plasta hauna hatari. Wenye kuogopwa ni unaopita upana wa mm 5, unaopanda kama ngazi kwenye viungo vya matofali, au unaotokea pande zote mbili za ukuta. Chora mistari miwili ya penseli inayokatiza ufa, andika tarehe, pima upana wake. Ukipanuka ndani ya wiki kadhaa, msingi unasogea na puti haitausaidia kitu.

Ufa wa kawaida uzibwe hivi. Uchimbe kwa ncha ya mwiko hadi uwe na umbo la V, upana wa mm 5 hadi 10 juu, maana puti iliyopakwa juu ya ufa mwembamba haina pa kushika. Ondoa vumbi kwa brashi, lowesha kidogo, jaza puti, na iache imeinuka kidogo juu ya uso wa ukuta kwa kuwa hunywea ikikauka. Ufa unaorudi kila mwaka, hasa pale ukuta unapokutana na dari au fremu ya mlango, uzibe kwa akriliki ya bomba inayopakika rangi. Hiyo huvutika, puti haivutiki.

Kazi chafu zote kwa pamoja

Kubomoa, kuchimba njia za waya, kufukua mabomba na kung'oa madirisha mabovu vifanywe ndani ya siku zilezile, kabla ya plasta yoyote mpya. Toa samani zote chumbani; kuzunguka kochi kwa siku tano ni kupoteza muda kuliko kulibeba mara moja. Milango ya vyumba visivyoguswa ziba kwa nailoni na tepu.

Njia za waya zichimbwe wima au mlalo tu, kamwe zisikate mshazari, ili atakayetoboa ukuta baadaye ajue pa kukwepa. Kwa kawaida taa hutumia waya wa mm² 1.5 na soketi mm² 2.5. Ukiona fundi anaweka wa 1.5 kwenye soketi, simamisha kazi. Ongeza soketi sasa wakati ukuta uko wazi. Baadaye utalipia waya, plasta na rangi.

Mabomba mapya yajazwe maji kwa shinikizo la kawaida na yalale usiku mzima kabla ya kufukiwa. Asubuhi pitisha karatasi ya chooni kwenye kila kiungo, maana inaonyesha unyevu ambao macho hayauoni. Tepu nyeupe ya tredi izungushwe mara 5 hadi 8 kwa mwelekeo wa saa, ukiwa unatazama mdomo wa bomba. Ikizungushwa kinyume hujikunja na kutoka wakati wa kukaza. Bomba la choo la mm 110 lipewe mteremko wa mm 25 hivi kwa kila mita.

Kabla ya kufunika chochote, piga picha ya kila ukuta huku tepu ya kupimia imenyooshwa kutoka sakafuni. Siku utakapotaka kutundika kabati, picha hiyo itakuokoa na kutoboa bomba.

Plasta

Plasta ya kuta za ndani ichanganywe sehemu 1 ya saruji kwa 5 za mchanga, na ipakwe kwa unene wa mm 12 hadi 15. Mfuko wa kilo 50 una ujazo wa lita 35 hivi. Kwa mchanganyiko huo unahitaji ndoo 8 hadi 9 za lita 20 za mchanga, na utafunika karibu m² 10. Ukihitaji unene wa zaidi ya mm 15, paka kwa awamu mbili. Plasta nene iliyopakwa kwa mpigo mmoja huteleza na kupasuka.

Mchanga ndio unaoharibu plasta nyingi. Jaza theluthi ya chupa kwa mchanga, ongeza maji na chumvi kidogo, tikisa, acha saa tatu. Udongo laini hutulia juu ya mchanga kama utando. Ukipita asilimia 8 hivi ya kimo cha mchanga, usiununue au uuoshe kwanza. Mchanga wenye udongo hunywa maji mengi na plasta yake hujaa mipasuko kama tope lililokauka.

Palipolia kama debe, ng'oa hadi ufikie pazima, lowesha tofali, kisha ndipo upake. Tofali kavu linanyonya maji ya plasta kabla saruji haijakomaa, na plasta inabaki unga. Changanya kiasi cha kutumika ndani ya saa moja. Iliyoanza kukaza haifufuliwi kwa maji. Utaona inalainika, ila nguvu yake imeshakwenda. Siku inayofuata anza kuinyunyizia maji asubuhi na jioni kwa siku 7. Kisha subiri: plasta mpya ya saruji inataka wiki 4 hivi kabla ya rangi ya mafuta. Saruji changa ina alikali inayoigeuza rangi ya mafuta kuwa kama sabuni, nayo hubabuka kwa vipande. Kwa viraka vidogo ndani ya ukuta mzima, tumia puti ya kukauka kwa siku moja, na hutahitaji kungoja mwezi.

Bafu, mahali pesa zinapoteketea

Anza na bafu hata kama si chumba kibaya kuliko vyote. Ndicho chenye vipindi vingi vya kusubiri, na ukikianzisha mapema, vyumba vingine vitajaza siku hizo za kungoja.

Angalia kwanza kama kuna haja ya kubomoa. Marumaru za zamani zikiwa zimeshika zote, unaweza kubandika mpya juu yake: zioshe mafuta na sabuni, zikwaruze uso uondoke mng'ao, paka praima (rangi ya msingi) ya kushikia, tumia gundi iliyoandikwa kuwa inafaa juu ya marumaru. Sakafu itapanda mm 10 hadi 12, kwa hiyo pima mlango na usawa wa bomba la choo kabla ya kuamua. Zikilia debe sehemu nyingi, bomoa tu.

Sakafu mpya ya saruji ielekee tundu la maji kwa mteremko wa mm 10 hadi 15 kwa kila mita. Chini ya hapo maji hutuama. Juu yake, baada ya kukauka, paka dawa ya kuzuia maji mikono miwili (yaani mara mbili), wa pili ukikatiza wa kwanza ili kufuta vitundu. Kwenye pembe weka utepe wa nyavu. Dawa hiyo ipandishe ukutani angalau sm 15, na sehemu ya kuogea hadi urefu wa mtu. Ikishakauka, ziba tundu la maji, mwaga maji kina cha sm 2, weka alama ya penseli, acha saa 24. Kipimo hiki hurukwa kila siku kwa kisingizio cha haraka. Marumaru na grauti (kijazio cha viungo vya marumaru) peke yake havizuii maji. Maji hupita kwenye grauti polepole na kushuka chini.

Hesabu ya vifaa tuifanye kwa mfano. Bafu la mita 2 kwa 1.5, lenye marumaru ukutani hadi kimo cha mita 1.8:

Sakafu ni m² 3. Mzunguko wa kuta ni mita 7, mara 1.8 ni m² 12.6. Toa mlango wa sm 80, yaani 0.8 × 1.8 = 1.44, zinabaki 11.16. Jumla ni m² 14.2. Ongeza asilimia 10 za kukata na kuvunjika, unapata m² 15.6, kisha panda hadi boksi kamili. Ukizibandika kimshazari ongeza asilimia 15 badala ya 10. Gundi huenda kilo 4 hadi 5 kwa m², kwa hiyo nunua mifuko minne ya kilo 20. Nunua marumaru zote siku moja na usome namba ya toleo kwenye maboksi. Toleo tofauti hutofautiana rangi kidogo, na tofauti hiyo haionekani dukani bali ukutani. Boksi moja libaki stoo.

Kabla ya gundi, zipange kavu kuanzia katikati ya ukuta. Ukiona kipande cha mwisho kitakuwa chembamba kuliko nusu, sogeza mstari wa kati kwa nusu ya marumaru. Pande zote mbili zitapata vipande vipana. Tandaza gundi kwa mwiko wa meno wa mm 8 au 10, eneo la m² moja tu kwa wakati. Ikifanya utando juu kabla ya kubandika, ikwangue na utupe. Kila baada ya marumaru kumi hivi, ng'oa moja utazame mgongo wake: gundi inapaswa kuwa imeenea karibu kote. Ukimwona fundi anaweka madonge matano nyuma ya marumaru na kuibandika, mzuie. Chini ya madonge kuna uwazi, na siku kitu kizito kikianguka hapo marumaru itapasuka. Zile ngumu zisizonyonya maji zinahitaji gundi yenye polima. Uji wa saruji hauzishiki, hata zikibaki ukutani mwezi wa kwanza.

Grauti ije baada ya saa 24. Kwenye pembe, ukuta na ukuta au ukuta na sakafu, weka silikoni badala ya grauti, kwa kuwa pembe husogea na grauti hupasuka.

Rangi

Hapa ndipo mwenye nyumba asiye fundi anaweza kuokoa ufundi wote, akikubali kwamba kazi nyingi ni kuandaa.

Hesabu kwanza. Chumba cha mita 4 kwa 3, kimo 2.7: mzunguko mita 14 mara 2.7 ni m² 37.8. Toa mlango m² 1.9 na dirisha m² 1.8, zinabaki 34 hivi. Mikono miwili ni m² 68. Lita moja hufunika m² 10 hadi 12 kwenye ukuta laini, na 6 hadi 8 kwenye plasta ghafi. Nunua lita 7 hadi 8. Dari ya m² 12 kwa mikono miwili inataka lita 2.5. Ndoo zikiwa zaidi ya moja za rangi ileile, zichanganye zote kwenye chombo kikubwa kabla ya kuanza, usije ukabadilisha ndoo katikati ya ukuta na kivuli kikaonekana.

Jaribu rangi ya zamani. Ikikuachia unga mkononi ukipapasa, isugue na upake praima ya kushikilia. Ikate alama ya X kwa wembe, bandika tepu, ivute kwa nguvu. Ikitoka na rangi, kwangua hadi pagumu. Kama ni rangi ya mafuta inayong'aa, lazima ipigwe msasa namba 120 hadi 180 mpaka mng'ao ufe, la sivyo rangi ya maji itakaa juu yake kama nailoni na kuchunika. Jikoni osha mafuta kwanza. Ukiyapiga msasa, unayasugua yaingie ndani zaidi. Madoa ya maji na moshi hupenya rangi ya maji hata ukipaka mikono minne. Yafunike kwanza kwa praima ya mafuta ya kuzuia madoa.

Dari itangulie, kisha kuta, kisha milango na fremu. Kwenye plasta mpya iliyokauka, mkono wa kwanza wa rangi ya maji ongeza maji asilimia 10 hadi 20 ili inyonywe. Paka ukuta mmoja hadi uishe: brashi pembeni sm 5, na rola mara moja wakati pembeni bado pabichi. Ukipaka pembeni chumba kizima kisha urudi na rola, utabaki na fremu ya michirizi kuzunguka kila ukuta. Rola yenye manyoya ya mm 10 hivi inafaa ukuta wa kawaida. Mkono wa pili usubiri saa 2 hadi 4 kwa rangi ya maji, saa 16 hadi 24 kwa ya mafuta. Kati ya mikono, funga rola kwenye mfuko wa nailoni bila kuiosha. Tepu ya karatasi ing'olewe rangi ikiwa bado laini.

Makabati na milango

Maboksi ya makabati yakiwa mazima, badilisha milango au ipake rangi tu. Ukibadilisha vishikio na bawaba, jiko huonekana jipya. Osha mafuta, msasa, praima, mikono miwili myembamba kwa rola ya sifongo. Weka namba nyuma ya kila mlango kabla ya kuung'oa.

Mlango unaokwama mara nyingi tatizo lake ni bawaba iliyolegea, si kuvimba. Tundu la skrubu likiwa limepanuka, lijaze vijiti vya kiberiti na gundi ya mbao, kata sawa, subiri ikauke, rudisha skrubu. Ukibaki unakwama ndipo upake chaki kwenye fremu, ufunge mlango, na upige randa pale tu palipochukua chaki.

Kununua, ratiba na fundi

Vya mitumba vinafaa kwa milango, masinki, fremu na mbao. Koki za ndani, mipira ya maji, nyaya na sakiti breka nunua vipya. Saruji usiinunue mapema. Ikae juu ya mbao, isiguse sakafu wala ukuta, na mfuko wenye madonge yasiyovunjika kwa vidole usiutumie.

Chumba kisichohitaji plasta humalizika kwa siku tano:

Siku ya 1: toa vitu, kwangua, ziba nyufa.
Siku ya 2: msasa, futa vumbi, praima, dari mkono wa kwanza.
Siku ya 3: dari mkono wa pili, kuta mkono wa kwanza.
Siku ya 4: kuta mkono wa pili, milango mkono wa kwanza.
Siku ya 5: milango mkono wa pili, swichi na vishikio kurudishwa.

Bafu huchukua wiki mbili hadi tatu, na katika hizo siku za mkono wa fundi ni saba au nane tu. Zilizobaki ni saruji na dawa kukauka. Andika siku hizo kwenye kalenda kama kazi, uzijaze na chumba kingine.

Lipa kwa kazi, usilipe kwa siku. Wa kulipwa kwa siku hana sababu ya kumaliza. Tatizo ni kwamba wa kulipwa kwa kazi ana sababu ya kulipua, ndiyo maana mnaandikiana pia vituo vya ukaguzi: bomba lisifukiwe, sakafu isibandikwe, plasta isipakwe kabla hujaona. Toa asilimia 20 au 30 kuanza, nyingine kila kituo kinapopita, na 10 ya mwisho ibaki wiki mbili baada ya kazi. Wakati huo bafu limetumika, maji yamepita kwenye kila kiungo, na unapogonga marumaru kwa mpini wa bisibisi utajua zipi zimeshika.